Katika Elfu, Saba

Ghorofa ya sita, Mtaa wa Mkwepu,
kazi yangu ni kukisia.
Sina kibuyu, sina ubao wa mchanga.
Nina jedwali, na jedwali lina safu nne:
umri, kazi, ugonjwa wa kwenu,
na ile ya mwisho, ya kiungo kupotea.

Ajali haina kinga, walisema wahenga.
Jengo hili zima linaishi kwa kuwabishia.

Pazi Dihenga alikuja miaka tisa iliyopita,
fundi wa kuchomelea, Gerezani,
shati limetobolewa na cheche kama chujio la tui.
Nikamuuliza baba yake alifariki na miaka mingapi.
"Aliondoka mpunga haujakauka."
Nikaandika: arobaini na nane.
Mama?
"Miguu. Mmoja, halafu wa pili."
Nikaandika: sukari.
Unavaa miwani ukichomelea?
Akacheka. "Nikikumbuka."
Fomu ina *ndiyo*, ina *hapana*.
*Nikikumbuka* haina kisanduku.

Nikajumlisha.
Katika mafundi elfu wa rika lake
saba hawaufikii mwaka mwingine wakiwa wazima:
wawili jicho, mmoja mkono,
mmoja kiharusi,
watatu tunawaandika kwa wino mwekundu.
Saba si wengi. Wanaenea bajaji mbili, wakisogeana.
Ila jedwali halina majina.
Linajua saba, halijui yupi,
kama jirani aliyesikia kilio usiku
asijue kimetoka mlango gani.

Barua ikatoka: *Tunasikitika kukuarifu.*
Muhuri niliugonga mimi.

Januari iliyofuata, lifti imekufa,
alipanda ngazi zote sita, akashika kaunta, akahema.
"Dada Nyamizi, nimekuja unione. Bado nipo."
Hakutaka kitu kingine.
Akanywa maji ya mashine, akashuka.

Mwaka uliofuata, tena: "Bado nipo."
Kidole cha shahada hakipo.
"Hujafa hujaumbika," akasema,
akanihesabia vilivyobaki, mpaka tisa,
kwa furaha ya mtu aliyezidishiwa chenji.
Mwaka wa tano alileta machungwa ya Muheza,
akamgawia hadi mlinzi.

Katikati ya hayo, Bwana Kalokola,
aliyenifundisha jedwali, asiyevuta, asiyekunywa,
aliyekimbia ufukweni kila alfajiri na saa inayohesabu mapigo,
alianguka kwenye maegesho, funguo mkononi,
miaka arobaini na miwili.
Jedwali lilimpa themanini na moja.
Jumatatu tulilifungua, tukalikagua safu kwa safu.
Halikuwa limekosea.
Hilo ndilo linalonikaba mpaka leo:
halikuwa limekosea popote.

Kuna usiku, Tabata, umeme umekatika,
najaza fomu yangu kichwani.
Presha, ndiyo. Kazi ya kukaa, ndiyo.
Mama, na ule mkono wake wa kushoto
unaolala mapajani kama mgeni asiyezoea nyumba.
Nafika safu ya tatu.
Halafu nakumbuka maharage motoni,
au mtoto anakohoa,
sijawahi kufika ya nne.

Januari hii Pazi hakuja.
Nimepiga simu: namba haipatikani.
Nimejiambia amehamia Mbagala, amebadili laini,
ana hasira na mimi hatimaye, na ni haki yake.
Nimejiambia mambo mengi,
na kila moja nimelipa asilimia,
maana mkono ulishazoea.

Leo Februari tisa.
Fomu yake iko kwenye droo yangu, si stoo inakotakiwa.
Pembeni ya swali la miwani
nimechora kisanduku cha tatu, kwa penseli.
Lifti wameitengeneza, inafanya kazi vizuri,
wateja wanapanda bila jasho.
Sikio langu mimi liko kwenye ngazi.